Kipini kati ya kura 21 na kura 82

Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokaa kupima ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, upande wa kaskazini waliukomesha Kipini, hapa Mto Tana unapoingia baharini. Tangu siku hizo Kipini haijaacha kuwa mji wa mpakani. Kiserikali ni Kaunti ya Tana River, eneo bunge la Garsen, na jina lake limebebwa na wadi mbili, Kipini Mashariki na Kipini Magharibi. Lakini gari la kuja huku hupitia Witu, na Witu ni Lamu. Msimu wa siasa ukifika, watu wa Kipini husikia kampeni za kaunti mbili kwa pamoja, na wengi wana ndugu wanaopiga kura upande wa pili.

Ndiyo sababu yaliyotokea pande zetu mbili ndani ya miaka mitano yanatuhusu. Kaskazini, Agosti 2017, ugavana wa Lamu uliamuliwa kwa kura 82. Fahim Twaha wa chama cha Jubilee alitangazwa kupata kura 22,969, na Issa Timamy, gavana aliyekuwa kitini, 22,887. Kusini, Agosti 2022, ubunge wa Magarini katika Kaunti ya Kilifi, eneo linalopakana na Garsen, uliamuliwa kwa kura 21. Harrison Kombe wa ODM alipewa 11,946 na Stanley Kenga wa UDA 11,925.

Mashauri yote mawili yalifika mahakamani na mwisho wake haukufanana. Lamu, ushindi wa Twaha ulisimama, akamaliza miaka yake mitano, na mwaka 2022 Timamy akarudi kwenye kiti. Ugavana wa Twaha ukawa wa muhula mmoja tu. Magarini, uchaguzi ulibatilishwa, shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na wananchi wakarudi vituoni tarehe 27 Novemba 2025. Safari hii Kombe alimshinda Kenga kwa maelfu ya kura.

Kwenye vijiwe vya kahawa vya pwani, maelezo ya pengo dogo kama hili huwa ni moja: kura zimeibwa. Sikatai kwamba kura huibwa. Lakini neno hilo likishasemwa, mazungumzo hufungwa, na maswali mengine mawili ambayo kwa maoni yangu ni mazito zaidi hayapati nafasi. La kwanza ni jinsi hesabu inavyofanywa usiku ule katika vituo vya mbali, na nani ana haki ya kuisimamisha. La pili ni nani hakupiga kura kabisa, na kwa nini.

Tuanze na usiku wa kuhesabu. Kwa sheria ya Kenya, kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa. Kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, ya mbunge, ya mwakilishi wa wadi, ya seneta, ya mwakilishi wa kike na ya gavana. Kituo kikijaa, hizo ni karatasi 4,200 zinazohesabiwa moja moja na watu walioamka alfajiri kufungua kituo saa kumi na mbili. Za urais hutangulia. Karatasi ya kijani ya ubunge na ya buluu ya ugavana zinaposhikwa, usiku umeshakuwa mkubwa, taa imepungua nguvu, na mawakala wengine wamelala kwenye madawati ya darasa.

Matokeo ya ubunge ya kituo huandikwa kwenye Fomu 35A. Ni karatasi ya kawaida tu: majina ya wagombea, idadi ya kura kwa tarakimu, kura zilizokataliwa, jumla ya kura halali, sahihi ya msimamizi wa kituo, sahihi za mawakala, na nafasi ya wakala aliyekataa kutia sahihi kueleza sababu yake. Nakala moja hubandikwa nje ya kituo na nyingine husafirishwa hadi kituo cha kujumlisha cha eneo bunge. Chukulia karani aliyechoka ageuze tarakimu mbili, mgombea aliyepata 127 aandikiwe 172. Hilo ni kosa la kura 45, katika darasa moja la shule moja, bila mtu yeyote kukusudia uovu. Penye pengo la kura elfu tano, kosa hilo halimpi mtu kazi. Magarini, kura 45 zinazidi pengo lote mara mbili.

Kanuni za uchaguzi zimetoa dawa ya kosa kama hilo, na ni lazima itumiwe pale pale kituoni. Mgombea au wakala wake anaweza kudai kura zihesabiwe upya kabla ya matokeo ya kituo kukamilishwa, na haki hiyo haizidi mara mbili. Sanduku likishafungwa na fomu ikishaondoka, wakala hana tena njia ya kulazimisha kuhesabu upya isipokuwa kupitia mahakama. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu kubwa kuliko wote usiku ule ni yule kijana wa chama aliyepewa nauli, chakula na kitambulisho cha wakala. Akiijua kanuni na akiwa macho, anaweza kumwokoa mgombea wake, na anaweza pia kuiokoa nchi na kesi ya miaka mitatu. Akisinzia, au akitia sahihi fomu asiyoisoma, sahihi yake ndiyo itakayosomwa mahakamani kumpinga.

Vyama vyetu huwachagua mawakala hawa kwa undugu na kwa kulipana fadhila. Huyu ni mpwa wa mwenye kampeni, yule ndiye aliyebandika mabango. Mafunzo yao hufanywa kwa saa chache siku za mwisho, kama yakifanywa. Nimesoma hukumu nyingi za kesi za uchaguzi za pwani hii, na jambo linalorudi ni mawakala waliotia sahihi fomu na kisha kuja kulalamikia hesabu ile ile. Jaji hana njia rahisi ya kuwaamini.

Yako pia mambo ambayo wakala peke yake hawezi kuyatibu. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliziweka Fomu 34A za urais kwenye tovuti yake, na Mkenya yeyote mwenye simu aliweza kuzisoma na kuzijumlisha. Hatua ile ilikuwa kubwa na ninaiheshimu. Lakini fomu za ubunge na za ugavana hazikupata mwanga ule ule. Mtu wa Marafa au wa Gongoni aliyetaka kujumlisha mwenyewe kura za Magarini alipaswa kuzunguka vituo akisoma karatasi zilizobandikwa milangoni, kabla upepo na mvua hazijazichana. Penye pengo la kura 21, hii ndiyo taarifa ambayo umma ulikuwa na haki nayo kuliko nyingine zote. Kupiga picha Fomu 35A, na 37A ya ugavana, kwa kifaa kile kile kilichopiga picha Fomu 34A hakuhitaji uvumbuzi mpya.

Kwenye sheria, mzozo wa kura chache umekaa baina ya fikra mbili. Ya kwanza inasema uchaguzi usibatilishwe kwa makosa madogo yasiyobadili matokeo. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kimejengwa juu ya fikra hiyo, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliitilia nguvu ilipomrudishia Peter Munya ugavana wa Meru aliokuwa amenyang'anywa na Mahakama ya Rufaa. Ya pili ilipata nguvu tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili walipofuta uchaguzi wa urais. Walishikilia kwamba njia ya kufikia matokeo ina uzito wake kama matokeo yenyewe, na anayeivunja hawezi kujificha nyuma ya wingi wa kura.

Penye kura 21 au 82 fikra hizi mbili hukaribiana sana. Kosa dogo halibaki dogo, kwa sababu ndilo linaloweza kuwa limembeba mshindi. Ndiyo maana mtu asishangae kwamba uchaguzi wa Magarini ulianguka. Lakini asidhani pia kwamba pengo dogo peke yake ni ushahidi. Lamu ilionyesha hivyo: kura 82 ni chache, ila anayelalamika hana budi kuonyesha ni kituo gani, fomu gani, tarakimu ipi. Hakuna sheria nchini kwetu inayosema pengo likiwa chini ya kiasi fulani kura zote zihesabiwe upya bila mtu kudai. Florida, kule Marekani, wanayo: pengo likiwa nusu ya asilimia moja au chini yake, hesabu hurudiwa. Ndiyo iliyoanzisha mvutano wa mwaka 2000, uliomalizika kwa George W. Bush kushinda jimbo lile kwa kura 537. Pengo la Lamu na la Magarini, yote mawili, yalikuwa chini ya asilimia 0.2. Kama tungekuwa na kanuni ya namna hiyo, masanduku yangefunguliwa juma lile lile, mawakala wakiwa bado wanakumbuka, na karatasi zikiwa hazijakaa ghalani.

Na hapa ndipo ninapoona kidonda chenyewe: muda. Katiba inampa mlalamikaji siku 28 baada ya matokeo kutangazwa. Anatakiwa kuweka dhamana ya shilingi 500,000 kwa kesi ya ubunge au ugavana, fedha ambazo mvuvi wa Kipini hazioni maishani. Mahakama Kuu ina miezi sita ya kuamua. Mahakama ya Rufaa ina miezi sita mingine. Baada ya hapo, shauri la ubunge likifika Mahakama ya Juu, sheria haikuweka kikomo. Kesi ya urais huamuliwa ndani ya siku 14 tangu kufunguliwa, lakini ya mbunge inaweza kukaa.

Magarini ilikaa. Juu ya hayo, tume yenyewe ilikuwa haina makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, kwa hiyo hata kiti kikiachwa wazi hakukuwa na wa kuitisha uchaguzi mdogo. Kuanzia Agosti 2022 hadi Novemba 2025 ni miaka mitatu na miezi mitatu. Kwa muda wote huo mtu wa Magarini hakujua kwa yakini kama aliyemchagua ndiye mbunge wake. Ofisi ya mbunge ndiyo inayotia sahihi karo za watoto kupitia mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ndiyo inayosukuma barabara na visima. Mbunge ambaye kila juma anaulizwa kama atakuwepo mwezi ujao hawezi kumkemea mkandarasi kwa sauti ya kutosha. Na aliyeshinda Novemba 2025 amebakiwa na muda usiofika miaka miwili kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

Uingereza ilipata kesi inayofanana na hii. Mei 1997, katika jimbo la Winchester, Mark Oaten alimshinda Gerry Malone kwa kura mbili. Mzozo ulikuwa juu ya karatasi zilizokataliwa kwa kukosa alama rasmi, kosa la makarani na si la wapiga kura. Mahakama ilifuta uchaguzi, ukarudiwa Novemba mwaka ule ule, na Oaten akashinda kwa kura 21,556. Wapiga kura wa Winchester walifanya kama walivyokuja kufanya wa Magarini baadaye: waliporudishwa vituoni, waliamua kwa sauti isiyoweza kubishiwa. Tofauti ni kwamba wao walisubiri chini ya miezi saba.

Karibu na nyumbani tunao mfano wenye damu. Uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 uliipa chama cha ASP viti 10, ZNP tisa na ZPPP vitatu, na kiti kimoja cha ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. ZPPP ikagawanyika, wawili wakaenda upande wa ZNP na mmoja upande wa ASP, na baraza likasimama 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na fujo za siku zile ziliua watu 68. Kura moja haiui mtu. Waliuawa kwa sababu kila upande ulikuwa umeshaamini kwamba mwenzake akishika serikali, wao hawatakuwa na pa kukaa.

Tana River tunaijua hofu hiyo. Mwaka 2012, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa magavana, mapigano ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua watu zaidi ya mia moja. Riketa, Agosti, waliuawa zaidi ya 50 kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Kilelengwani, pua na mdomo na Kipini, Septemba, waliuawa zaidi ya 30, polisi wakiwemo. Kipao ikafuata Desemba. Dhadho Godhana, wakati ule mbunge wa Galole na waziri msaidizi, aliondolewa serikalini mwezi wa tisa. Wengi walieleza vita vile kwa malisho na mashamba, na malisho na mashamba yamo kweli. Lakini ugavana, pamoja na bajeti yake, ulikuwa unakuja kwa mara ya kwanza, na kijiji kilichohamishwa hakipigi kura nyumbani kwake.

Machi 2013 Hussein Dado akawa gavana wa kwanza, na viti vikubwa vya kaunti vikaenda kwa wagombea wa jamii za wafugaji. Mwaka 2017 Godhana alimwondoa Dado, aliyekuwa ameongoza muhula mmoja, kisha akarudi tena mwaka 2022. Siasa za Tana zimezoea kuhesabiwa kwa makabila makubwa: Wapokomo wangapi, Waorma wangapi, Wawardei wangapi, nani kaungana na nani. Katika hesabu hiyo watu wa Kipini na jirani zake, Wabajuni, Waswahili, Wagiriama, Wasanye, hutajwa mwisho au hawatajwi kabisa. Kura chache ndizo zinazowapa uzito. Pengo likiwa la maelfu, hakuna anayewakumbuka. Likiwa la 82, kijiji kimoja cha wavuvi ndicho kinachomchagua gavana.

Hapo ndipo linapokuja swali langu la pili, la nani hakupiga kura. Julai 2017, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku watu kutoka usiku katika sehemu za Lamu, Tana River na Garissa kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab. Pwani, kampeni ya kweli hufanywa baada ya sala ya isha, barazani na majumbani. Familia nyingi za Lamu Magharibi zilikuwa zimekimbia vijiji vyao kuokoa roho, na kituo cha mtu kiko pale alipojiandikisha. Sijui njia ya kusema kura 82 ziliamuliwa kwa haki kamili mahali ambapo watu walikuwa wakilala madarasani kwa hofu, na ninasema hivyo bila kumtuhumu mgombea yeyote.

Deltani adui ni maji. Mafuriko ya Tana ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yalizifukuza familia kutoka vijiji vya kingo za mto hadi kambi za miinuko. Maji ya mto yakipungua, ya chumvi hupanda, na huko Ozi yameua mashamba ya mpunga na minazi, vijana wakaondoka kutafuta kazi Malindi na Mombasa. Majina yao yamebaki kwenye daftari la hapa. Siku ya kura, nauli ya kurudi ni fedha za chakula cha siku kadhaa. Mgombea mwenye magari huwarudisha anaowataka yeye, na ndivyo daftari linavyogeuka kuwa mali ya mwenye fedha.

Kuna na wale ambao majina yao hayajawahi kuingia humo. Kitambulisho hutangulia kura, na kwa miaka mingi vijana wa Lamu na Tana, Wabajuni na Waorma hasa, wamekuwa wakipitishwa kwenye mchujo wa wazee na maafisa kuthibitisha Ukenya wao, wakati kijana wa Nyeri hupeleka cheti cha kuzaliwa na kurudi nyumbani. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta mchujo huo kwa jamii za mipakani. Tangazo ni jema. Kwa msichana wa Ozi, litakuwa jema zaidi siku afisa wa usajili atakapofika kijijini kwao.

Kaunti ya Tana River ilikuwa na wapiga kura karibu 141,000 mwaka 2022, na Lamu ina daftari dogo kuliko kaunti zote 47. Kwenye daftari dogo namna hii, vijana mia mbili waliokosa vitambulisho ni wengi kuliko kura zote zilizogombaniwa Lamu na Magarini zikijumlishwa. Hakuna jaji atakayewahesabu, kwa sababu mahakama huchunguza kura zilizopigwa. Ambao hawakuwahi kupewa karatasi hawana fomu, hawana wakala, hawana kesi.

Mwisho wa Septemba 2025 tume ilifungua tena uandikishaji wa wapiga kura, kuanzia ofisi zake za maeneo bunge. Kwa watu wa Kipini, ofisi hiyo ni ya Garsen. Kutoka Ozi, mtu hushuka mto kwa mashua hadi Kipini, akapanda pikipiki au matatu hadi Witu, akaingia barabara ya lami kuelekea Minjila, ndipo akafika Garsen, na jioni arudi njia ile ile. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Wadi za Kipini zinahitaji vifaa vya kuandikisha viletwe mpaka Ozi, Kau na Kilelengwani, wakati wa kiangazi ambapo njia zinapitika, na viletwe pamoja na afisa wa vitambulisho.